Uzi: Kulea bonsai Nakuru na Magharibi mwa Kenya kwa kufuata mvua yetu, si majira ya Japani

Mwanzisha uzi, Nakuru

Salamu kwenu nyote. Mwaka huu watu wanne wameniletea nyumbani miti iliyofia vyunguni, kila mmoja akitaka nimweleze kilichouua mti wake. Nilipowauliza walichokuwa wamefanya, niligundua kwamba wote wanne walikuwa wamefuata kwa bidii, hatua kwa hatua, maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Mmoja wao alipunguza mizizi mwezi wa pili kwa sababu alisoma kwamba huo ndio wakati mti unapokaribia kuamka kutoka usingizi wa baridi. Hapa Nakuru mwezi wa pili ndio jua kali na vumbi, na mti wake haukuwa umelala hata siku moja. Alikata mizizi iliyokuwa ikinywa maji kidogo yaliyokuwepo, kisha akauweka juani. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, ili wanaoanza wasirudie hasara hiyo.

Mimi ni seremala, na nimefundisha useremala kwa miaka mingi. Miti ya vyunguni nimeilea tangu mwaka 2009.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Bonsai si aina ya mti, wala hakuna mbegu ya bonsai, ingawa wapo wanaouza pakiti zenye jina hilo. Ni ufundi wa kulea mti chunguni ukabaki mdogo, na jina lake ni neno la Kijapani lenye sehemu mbili: *bon*, yaani sinia au chombo cha kina kifupi, na *sai*, yaani kupanda. Wajapani waliupokea ufundi huu kutoka China, ambako katika kaburi la mwanamfalme Li Xian, la mwaka 706, kuna picha ya ukutani inayomwonyesha mtumishi akibeba sinia lenye mandhari madogo ya mawe na mimea. Mti wowote wenye shina gumu unaweza kuwa bonsai, mradi ukubali kupogolewa na majani yake yasiwe makubwa mno. Udogo wake hautokani na dawa wala mbegu. Unatokana na mkasi, na chungu, na mikono inayorudi kwenye mti huo kila juma.

Sasa hoja yangu kuu. Nakuru iko kusini kidogo tu ya Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na mchana wetu ni wa takribani saa kumi na mbili mwaka mzima. Mti wa Japani au Ulaya husoma urefu wa mchana na baridi, ukaangusha majani, ukalala miezi kadhaa, kisha ukaamka na nguvu ulizohifadhi. Hapa hakuna kinachouambia ulale. Mwaka 2011 nilinunua miche mitatu ya mepo ya Kijapani, ile yenye majani mekundu yaliyochanika kama vidole. Mwaka wa kwanza ilipendeza, mwaka wa pili kingo za majani zikaungua, na mwaka wa tatu ikatoa machipukizi membamba mara kwa mara bila kupumzika mpaka ikaisha nguvu. Niliihamisha kivulini, nikaipa samadi, nikailaza karibu na tangi usiku ili ipate ubaridi. Haikusaidia. Mti uliotakiwa kulala nilikuwa nimeunyima usingizi kwa miaka mitatu, na bado huniuma kwamba niliendelea kuilaumu mbolea.

Miti ya huku haihesabu miezi bali hufuata mvua. Kwa hiyo kazi nzito, yaani kuhamisha chungu, kukata mizizi na kukata matawi makubwa, naifanya mvua za masika zinapokuwa zimeanza kweli, mbingu ikiwa na mawingu na vichomozo vikiwa vimeanza kuvimba lakini havijafunguka. Mwaka mmoja wakati huo huwa ni mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka mwingine ni katikati ya mwezi wa nne. Naangalia vile vichomozo, sitazami kalenda.

Mti ulionifundisha haya ni kaiyaba. Wakazi wa Nakuru wote wanaujua, maana ndio ua wa miiba mirefu uliozunguka viwanja vya zamani. Asili yake ni Afrika Kusini. Mwaka 2014 jirani yangu aliamua kung'oa ua wake ili ajenge ukuta wa mawe, na vibarua walikuwa wakivirundika visiki kando ya barabara ili vichomwe. Niliviangalia vile visiki nikasimama pale kwa muda mrefu. Ua ule ulikuwa umekatwa kwa panga kila mwaka kwa miongo kadhaa, hivyo mashina yalikuwa mafupi na manene, yenye makovu, yenye gome lililopasuka, na yanayopungua unene kuelekea juu. Mtu anayelea bonsai kutoka kwenye mbegu husubiri miaka ishirini kupata shina kama lile, nayo yalikuwa yanakwenda motoni.

Nilichukua visiki vitano. Nilivikata vibaki na urefu wa sentimita 30, nikakata mzizi mkuu kwa msumeno karibu sana na shina, nikaacha mizizi ya pembeni yenye nyuzi, nikavifunga kwa gunia lililoloweshwa hadi nyumbani. Sikuvitia kwenye chungu kizuri. Nilivitia kwenye makasha ya mbao ya maembe, ndani ya kokoto nyepesi za volkano, nikavifunga kwa waya visitikisike, kwa sababu kisiki kinachoyumba kwa upepo hukata vijizizi vipya kila vinapochomoza. Kisha nikavificha chini ya kivuli chepesi. Baada ya wiki tano nilianza kuona vichomozo vidogo kama punje za mtama vikitoka kwenye gome kuukuu. Vinne vilipona. Kimoja kilioza, nacho ndicho nilichokuwa nimekinywesha maji kila siku kwa huruma.

Kwa mwaka mzima sikukata hata jani moja. Hapo ndipo wanaoanza hushindwa, kwa sababu mkono unawasha na mkasi upo. Kila jani ni jiko linalopika chakula cha mizizi mipya, na kisiki kisichoachwa kikajaa majani hakitapata mizizi ya kukibeba baadaye. Mwaka wa pili nilichagua matawi sita, nikaondoa mengine. Leo kisiki kikubwa kuliko vyote kina unene wa sentimita 9 kwenye kitako na urefu wa sentimita 52, ambao unakaribia kanuni ya mafundi wengi kwamba urefu uwe takribani mara sita ya unene wa shina.

Nakaribisha maswali. Tafadhali kila mmoja ataje mahali alipo, kwa sababu jibu la Kisumu si jibu la Molo.

Mchangiaji, Kisumu

Shikamoo mwalimu, na asante kwa kutueleza bila kuficha. Mimi niko Kisumu, upande wa uwanda wa Kano. Nina faikasi (mti wa jamii ya mkuyu) ya majani madogo niliyoipanda kwenye sinia la udongo lenye kina cha vidole vitatu. Nilitumia udongo wetu mweusi kwa sababu unashika maji, na nikatandika kokoto chini ili maji yatoke. Mti nimeuweka sebuleni, juu ya meza karibu na televisheni. Kwa miezi miwili sasa unaangusha majani ya manjano, na nikiugusa udongo juu naukuta mkavu na umepasuka, lakini chini unanuka. Je, niongeze maji au nipunguze? Pia nina mche wa mkwaju wa miaka minne kwenye ndoo, nao sijaugusa kwa woga.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Marahaba binti yangu. Usiongeze wala usipunguze maji. Badilisha udongo, na mti utoke nje.

Nianze na udongo, maana hapa ndipo miti mingi inapouawa bila mwenyewe kujua. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, uiloweshe mpaka ijae, kisha uishike ikiwa imelala bapa. Maji yatadondoka, halafu yatakoma. Sasa isimamishe wima bila kuikamua: maji mengine yatadondoka tena, ingawa sifongo ni ileile. Udongo ndani ya chungu hufanya hivyohivyo. Chini ya kila chungu hubaki tabaka la udongo ulioshiba maji ambalo uzito wa maji hauwezi kulitoa, na kimo cha tabaka hilo hutegemea ulaini wa udongo, si kina cha chungu. Kwenye ndoo ndefu tabaka hilo liko chini kabisa na mizizi ina nafasi ya kupumua juu yake. Kwenye sinia la vidole vitatu, tabaka hilo linaweza kuwa ndiyo sinia nzima. Kokoto ulizotandika chini hazikusaidia, kwa sababu maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa. Ulichofanya ni kulipandisha tabaka lenye maji karibu zaidi na shina. Udongo mweusi wa Kano nao huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, ukiikata mizizi midogo. Ndiyo maana juu unaukuta mkavu na chini unanuka.

Dawa ni chembe kubwa zisizoshikana. Huku kwetu Bonde la Ufa limetujalia. Yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, ambayo watu husugulia visigino, yanapatikana kwenye ardhi ya Menengai na Longonot. Wajapani hutumia udongo wao wa volkano uliokauka uitwao *akadama*, nao ukiagizwa hadi hapa bei yake haina sababu kwa anayeanza. Mimi huponda yale mawe, nikayachekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa milimita 6 nikatupa yanayobaki juu, kisha kwa wavu wa milimita 2 nikatupa vumbi linalopita. Vumbi hilo lazima litoke. Kwa faikasi nachanganya sehemu tatu za mawe hayo na sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri.

Mti wako uutoe, uoshe mizizi kwa maji, ukate yote iliyo laini na myeusi mpaka ufikie iliyo imara. Faikasi ina nguvu, inaweza kuvumilia. Punguza na matawi kidogo ili mizizi iliyobaki isielemewe. Kisha uweke nje penye kivuli cha asubuhi na mchana kwa wiki tatu, halafu uusogeze taratibu juani. Bonsai ni mti wa nje. Mwanga wa sebuleni, ambao macho yetu yanauona kuwa mwingi, kwa mti ni njaa. Wageni wakija unaweza kuuingiza kwa siku moja, kisha unautoa.

Kuhusu kumwagilia, chukua kijiti cha mshikaki, ukichomeke karibu na ukingo wa chungu mpaka chini, ukiache dakika kumi, kisha ukitoe. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka karibu kikavu, mwaga maji mpaka yatiririke kwenye matundu, na urudie mara ya pili. Kisumu iko mita 1,130 hivi na jua la saa nane ni kali, kwa hiyo kwenye mchanganyiko wa mawe huenda ukahitaji kumwagilia kila siku, pengine mara mbili. Usitumie chungu cha plastiki nyeusi juani, kwa sababu mizizi iliyo upande wa jua huungua.

Mkwaju ni hazina. Tutaurudia.

Mchangiaji, Kakamega

Nimefuatilia kwa makini, mwalimu, na ninakubaliana na mengi, ila nina pingamizi mbili.

La kwanza, mawe mepesi huku kwetu hayapatikani, na kuyasafirisha kutoka Nakuru ni gharama. Ninachotumia ni vipande vya matofali ya kuchoma. Kila tanuru ikifunguliwa huachwa rundo la matofali yaliyovunjika, na wenyewe hufurahi ukiwaondolea. Nayaponda, nayachekecha kama ulivyoeleza, na yana matundu madogo yanayohifadhi maji na mbolea. Lakini ni lazima tofali liwe limeiva vizuri. Lile la rangi ya hudhurungi hafifu lililokuwa pembezoni mwa tanuru hurudi kuwa tope baada ya msimu mmoja. Nalijaribu kwa kulitia kipande ndani ya maji usiku kucha, na asubuhi nakibonyeza kwa kidole.

La pili, hiyo sehemu moja ya mboji kwa tatu za mawe kwetu ni nyingi. Kakamega hunyeshewa karibu kila alasiri kwa miezi mingi, na mboji hugeuka uji. Mimi nimeiacha kabisa. Natumia matofali matupu na kuwapa miti maji ya samadi iliyolowekwa, yakiwa mepesi kama chai ya rangi, kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu vyungu, wafinyanzi wa Ilesi, kwenye barabara ya kwenda Kisumu, wamezoea vyungu vya kupikia na vya maua, lakini ukiwachorea umbo watakufinyangia. Nilimwomba mama mmoja sinia la mviringo lenye miguu mitatu na matundu matatu ya upana wa kidole gumba. Matundu yatobolewe udongo ukiwa mbichi, na miguu ni lazima iwepo, la sivyo matundu yatazibwa na meza. Vyungu hivyo huchomwa kwa moto wa wazi wala si kwenye tanuru la joto kali, kwa hiyo ni laini, hunywa maji na hukauka upesi. Kwa mvua yetu hiyo ni faida.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Ndugu wa Kakamega, umenisahihisha na ninakushukuru. Niliandika nikiwa na mvua ya Nakuru kichwani, ambayo ni kama nusu ya yenu. Kwa Kakamega na Vihiga watu wafuate kipimo chako. Kwa Nakuru, Naivasha na Gilgil wabaki na mboji, maana upepo wa kiangazi hapa hukausha sinia kati ya asubuhi na adhuhuri.

Niongeze jambo moja la maji. Wengi wetu Nakuru tunatumia maji ya visima, nayo yana floridi nyingi na chumvi nyingine. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, hizo ni chumvi zinazobaki maji yakipaa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa hata kama ni kwa ajili ya miti mitano tu, na unapotumia ya kisima mwaga mengi yapite hadi chini ili yaoshe chumvi hizo.

Mchangiaji, Kericho

Habari zenu. Naomba kuuliza kuhusu miti ya msituni. Huku kuna mzeituni mwitu na mwangati yenye mashina ya kupendeza kweli. Je, naweza kuchimba? Nimesoma kwamba Wajapani huchukua miti milimani.

Pia ningependa kusema kwamba sisi wa Kericho tumeishi na kitu kinachofanana na bonsai bila kukipa jina hilo. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu kuliko nyumba. Tunaouona mashambani umefika kiunoni kwa sababu unachumwa mara kwa mara, na kila baada ya miaka mitatu au minne unakatwa chini zaidi. Mashamba makubwa hapa yalianza miaka ya 1920, na chini ya ile meza ya majani kuna mashina manene yaliyojipinda kama mikono ya wazee. Shamba likifanywa upya, visiki hung'olewa vikawa kuni. Nimechukua kimoja kwa ruhusa ya mwenye shamba na kimechipua.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Nakupa hongera kwa kisiki hicho, na tafadhali usiache kutuonyesha maendeleo yake. Mchai unapenda udongo wenye uchachu, kwa hiyo usiupe majivu wala chokaa.

Kuhusu msitu, jibu langu ni hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuchukua mazao ya msitu wa umma bila kibali, na mti mzima ukiwa na mizizi yake ni zao la msitu. Zaidi ya sheria, mzeituni mwitu hukua polepole mno. Shina lenye unene wa mkono limekaa pale kabla hujazaliwa, na uwezekano wa kulipoteza kwa kulichimba vibaya ni mkubwa. Vitalu vingi huuza miche yake kwa bei ndogo. Panda mche ardhini juu ya kigae bapa kilichofukiwa, ili mizizi itandae pembeni badala ya kuchimba chini, uuache miaka mitano ukue bila kizuizi, kisha uukate. Usikubali kishawishi cha kuutia kwenye chungu kidogo mapema, kwa maana shina halinenepi ndani ya sinia. Unene hupatikana ardhini, na chungu huja mwishoni.

Mwangati nao una tabia ambayo ni lazima uijue. Mzeituni, kaiyaba, mkuyu na mpera huchipua hata kwenye gome kuukuu lisilo na jani. Mwangati na miti ya Krismasi ya kwenye ua haichipui hivyo. Tawi ukilikata mpaka pasipo na kijani, limekufa, na ukiunyoa mti wote umeuua. Kwa jamii hiyo, kila tawi unalolifupisha liachie kijani cha kutosha.

Mchangiaji, Bungoma

Wapendwa, mimi ni mzee na nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu wangu, ambaye amepanda mutoto, mti wa jamii ya mkuyu, kwenye chungu na kuuzungushia waya. Kwetu mutoto ni mti wa heshima. Chini yake wazee walikaa, na haukukatwa ovyo. Nilipoona ule waya moyo wangu ulishtuka. Je, huku si kuutesa mti? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, nami nilijiuliza swali hilohilo kwa muda mrefu nilipoanza.

Mti unaoteswa hauishi. Huko Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani uliotolewa zawadi mwaka 1976 na familia ya Yamaki ya Hiroshima. Umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipolipuka juu ya mji ule, msonobari huo ulikuwa uani kwa familia hiyo, takribani kilomita tatu kutoka mahali pa mlipuko, nyuma ya ukuta, na ukapona. Mwaka 2001 wajukuu walipokwenda kuutazama ndipo watunzaji wake walipoijua habari hiyo. Vizazi na vizazi vimeumwagilia maji, nao usingevumilia hata siku chache za kusahauliwa. Mimi siwezi kuita hayo mateso.

Lakini waya uliokazwa vibaya ni jeraha la kweli, na hapo mjukuu wako anahitaji kuelekezwa. Waya uwe na unene wa theluthi moja ya tawi. Uzungushwe kwa mshazari wa nusu ya pembe mraba, ukigusa gome bila kulibana, na ncha yake ianzie kwenye shina au tawi jirani ili ishike. Ule wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unaouzwa kwenye maduka ya umeme, ukivuliwa plastiki, hufaa kwa matawi ya unene wa milimita 5 hivi. Kabla ya kuutumia nauweka kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, nikauacha upoe. Hapo huwa laini, kisha hukakamaa wenyewe unapokunjwa. Nunueni dukani, tusiwape soko wanaoiba nyaya za watu. Miti ya jamii ya mkuyu hunenepa haraka, hivyo kuanzia wiki ya nne auchunguze kila juma, na waya ukianza kuzama kwenye gome aukate kipande kwa kipande kwa koleo. Asiufungue kwa kuuzungusha, kwa kuwa tawi litavunjika.

Ikiwa waya unakukera, mzee wangu, kuna njia ya kusini mwa China, ya Lingnan, ambayo hutumia mkasi pekee. Tawi huachwa likue mpaka linenepe, hukatwa kwenye jani linalotazama upande unaotakiwa, chipukizi jipya nalo huachwa, hukatwa, na kuendelea hivyo. Kila mkato huwa ni kona. Ni njia ya miti inayokua kwa kasi kwenye mvua na joto, na mutoto wa Bungoma unaifaa kuliko mti wowote niliowahi kuushika.

Mchangiaji, Bungoma

Marahaba mwanangu. Nimemsomea mjukuu maneno haya. Tumeutoa waya jioni hii, kipande kwa kipande, na tutatumia mkasi.

Mchangiaji, Kisumu

Mwalimu, narudi baada ya wiki saba. Faikasi niliiosha mizizi kama ulivyosema. Zaidi ya nusu ilikuwa imeoza. Niliiweka nje kwenye vipande vya matofali, kama alivyoshauri ndugu wa Kakamega. Iliangusha majani yote yaliyobaki nikadhani imekufa, lakini nilipokwaruza gome kwa kucha nikakuta kijani, nikasubiri. Sasa ina machipukizi kumi na manne. Mchwa walianza kupanda kwenye meza, nikaitia miguu ya meza ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari.

Mvua zimeshika na mkwaju unavimba vichomozo. Shina lake limefikia unene wa kidole gumba. Je, ni wakati wa sinia?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Kwaruzo lile la kucha limeuokoa mti wako, binti yangu, maana wengi wangeutupa.

Mkwaju usiutie kwenye sinia bado. Unene wa kidole gumba ni mwanzo tu, na mkwaju hautaki haraka. Lakini kwa kuwa vichomozo vimevimba, huu ndio wakati wa kuutoa kwenye ndoo na kuushughulikia mzizi mkuu, ambao mkwaju huutuma chini moja kwa moja kama msumari. Ukate theluthi yake ya chini tu safari hii, uache nyuzi zote za pembeni, uurudishe kwenye chombo kipana zaidi na kifupi zaidi kuliko ndoo, kwenye mchanganyiko uleule wa matofali. Mvua za masika za mwaka ujao utakata theluthi nyingine. Hewa ya joto ya ziwani ndiyo inayopendwa na mti huu; mimi hapa Nakuru niliujaribu mara mbili, na baridi ya usiku ikauzuia usikue.

Kabla ya kuukata, lala chini uutazame pande zote nne kwa usawa wa macho, ufukue udongo wa juu polepole kwa kijiti, uone mizizi ya kwanza inaanzia wapi na imetandaa vipi. Upande ambao mizizi imetandaa vizuri ndio utakaokuwa uso wa mti. Piga picha ya kila upande na uiweke hapa kabla hujashika msumeno.